Goti la kijana wangu: jinsi tulivyolituliza

Mtoto wangu ana miaka 13, na mwaka huu amerefuka ghafla, suruali zote zimebaki juu ya vifundo. Kisha goti likaanza kumuuma, na chini yake kikatokea kinundu kigumu. Hapa Goma kila mtu alikuwa na lake: ameanguka, anadeka tu, mkandeni kwa maji ya moto. Tukamkanda. Ikazidi.

Mtaalamu wa viungo alikibonyeza mara moja akaniambia: Osgood-Schlatter, maumivu ya chini ya goti yanayowapata watoto wanaokua haraka na kucheza sana. Mfupa unakua mbio, misuli ya paja inachelewa, basi kano inavuta pale inaposhika muundi. Akauliza, anacheza mara ngapi? Nikahesabu kwa vidole: timu ya shule, timu ya mtaa, na jioni kwenye uwanja wa mawe ya volkano, mgumu kama saruji. Siku saba! Sikuwahi kujumlisha.

Tulipunguza hadi siku tatu, bila kurukaruka. Baada ya mchezo, barafu dakika 15 (nainunua kwa wauza samaki, naifunga kwa kitambaa). Kunyoosha mapaja kila siku. Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kumshawishi kocha wake. Miezi miwili na nusu baadaye alikimbia bila kuchechemea. Kinundu bado kipo, ila hakimuumi.