Makreti Mawili ya Soda

Desemba 1999, likizo ya kidato cha pili, mama mdogo alinichukua kwenda naye Bwawa la Nyumba ya Mungu. Alikuwa akiuza perege Soko la Mbuyuni hapa Moshi, na kijana wake wa kubeba mizigo alikuwa amekwenda harusini Rombo.

Chombo chake cha baridi kilikuwa friji bovu. Mota ilishang'olewa, likalazwa chali, mlango ukawa mfuniko. Ndani tuliweka mabonge mawili ya barafu, kama kilo ishirini kwa jumla, tukayavika magunia na kuyazika kwenye pumba za mpunga alizoomba mashineni Chekereni. Pumba zinashika hewa isitembee, joto linapita kwa shida. Tulipofika mwaloni jua limeshawaka, nilipoingiza mkono nikakuta mabonge bado makavu kwa juu.

Friji likabebwa na watu wanne, likawekwa katikati ya mtumbwi. Mimi nikapakia mzigo wangu: makreti mawili ya soda, niliyonunua kwa akiba yangu yote. Nilishapiga hesabu ya wavuvi waliokesha majini, na lile joto la huko tambarare. (Maji yenyewe yanaletwa na Kikuletwa na Ruvu kutoka milimani, lakini yakifika bwawani ukiyanywa utadhani yametengwa jikoni.)

Mama mdogo alipokuwa amepinda kwenye mtumbwi wa jirani akibishania bei, nikafungua friji. Nikafukua pumba, nikapasua bonge moja kwa panga ili chupa zikae vizuri, nikazishindilia. Kila iliyouzwa ya baridi, niliingiza nyingine ya moto. Jamani, biashara ilikwenda! Kufika saa nne nilikuwa natafuta chenji.

Leo mimi ni fundi friji, na hesabu ile ninaijua vizuri kuliko ninavyotaka. Soda 48 zenye joto la nyuzi 30, pamoja na vioo vyake, zinakula karibu kilo sita za barafu kabla hazijawa baridi sawasawa. Na barafu iliyopasuliwa inayeyuka upesi kuliko bonge, kwa sababu inaguswa kila upande. Samaki nao wanatoka majini na joto lao.

Kumbe nilikuwa nawauzia wavuvi baridi ya perege.

Saa sita mama mdogo akafunua friji aongeze samaki wa mwisho. Akachota kwa kiganja, akatoa maji, pumba zinazoelea na kizibo kimoja cha soda. Akakigeuzageuza.

"Hii nini?"

"Soda, mamdogo."

"Ngapi?"

Nikamwambia. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Akambonyeza perege wa juu tumboni, kidole kikazama, alama ikabaki. Akamwambia mpiga kafi ageuze.

Tulishinda mwaloni tukipasua samaki na kuwabanika kwenye kuni za kuazima, moshi machoni, hadi giza. Wa kubanika bei yake si ya mbichi. Kwenye basi la kurudi Moshi akanyoosha mkono, nikamkabidhi fedha zangu. Akazihesabu mara mbili, akakata bei ya barafu, akakata ya kuni, akanirudishia zilizobaki.

Zilitosha nauli yangu.