Fremu ya Mama isiyotaka kuguswa

Mama yangu anatumia kitochi. Si kwamba hajaletewa smatifoni, ameletewa mbili, ya kwanza akampa mjukuu achezee, ya pili iko kabatini ndani ya boksi lake pamoja na sahani za wageni. Yeye simu ni kupiga na kupokea basi. Sasa shida wajukuu wametawanyika, kaka yuko Muscat na watoto watatu, dada mkubwa yuko Toronto, mi niko Dar, na picha zote zinaishia kwenye grupu la WhatsApp la familia ambalo mwenye familia mwenyewe hayumo. Kila nikienda Tanga natoa simu namwonyesha, anavaa miwani, anaangalia tatu nne, afu anasema mwanangu nimechoka, hiki kioo chako kidogo. Ndo likaja wazo la fremu ya kidijitali, ile unaiweka mezani inabadilisha picha yenyewe.

Kuingia mtandaoni kutafuta nikakuta kila moja imeandikwa ni rahisi kutumia. Zote! Sijaona hata moja wameandika hii ngumu kidogo. Na hapo ndo niliingia mkenge, maana muda wote nilikuwa najiuliza ipi Mama ataweza kuiendesha, kumbe nilitakiwa nitafute ile ambayo haitamhitaji kabisa.

Ya kwanza nilinunua Kariakoo, Sh 85,000, inchi 8, unachomeka memori kadi au flashi, inakuja na rimoti. Nikasema poa, haina intaneti, haina akaunti, haina paswedi, nini kitaharibika? Nikakaa na kahawa yangu nikajaza picha mia tatu na kitu, nikaijaribu usiku mzima inapiga kazi, kesho yake nikapanda basi. Mama akafurahi mno, siku mbili za kwanza majirani wakawa wanaitwa kuja kuangalia.

Siku ya tatu umeme ukakatika.

Uliporudi fremu ikawaka, lakini haikurudi kwenye picha, ikaleta menyu yake na vile vialama vinne, picha, muziki, video, kalenda, ikakaa hapo inasubiri mtu abonyeze. Napigiwa simu, "Shikamoo Mama," "Marahaba, we mwanangu ile redio yako imeleta saa." Mi niko kwenye daladala naelekeza bonyeza kitufe cha katikati Mama, kile cha duara, anasema hapa viko vya duara vingi, dakika ishirini zikaisha hivyo. Ikabidi kijana wa jirani aje. Na mnajua umeme wetu, kwa hiyo yule kijana akawa anaitwa kila wiki mpaka akaanza kukwepa. Afu rimoti zenyewe hizi nyembamba kama biskuti, mwezi wa pili ikapotea, na kwa nyuma ya fremu vitufe vimeandikwa kwa maandishi ambayo hata mi mwenye macho mazima navipapasa.

Kuna mengine mawili nilijifunza kwa ile fremu, nayaweka hapa mtu asije akapoteza muda kama mimi. Picha za dada zilikuwa hazifunguki nusu nzima, nikadhani kadi mbovu, kumbe iPhone tangu 2017 zinahifadhi picha kwa mtindo unaoitwa HEIC na fremu nyingi za bei hii zinajua JPEG tu, ule mtindo wa kawaida wa picha, dawa yake ni aliye na iPhone aingie kwenye setingi za kamera achague ule mtindo unaoendana na vifaa vingi, na za zamani mzibadilishe. La pili nilichomeka kadi ya GB 64 ikakataa kabisa, nikarudi kwenye ya GB 32 iliyofomatiwa FAT32, ule mpangilio wa zamani wa kadi, ikakubali hapo hapo. Hamna mahali kwenye boksi walipoandika hivyo kwa herufi za kusomeka.

Lakini kilichoniua zaidi ni picha mpya. Mtoto wa kaka kazaliwa Muscat, Mama anamuona lini? Mpaka mi niende Tanga na kadi mfukoni. Sasa hiyo si ni albamu tu ya kuchomeka ukutani.

Round ya pili nikawa mjanja kidogo. Fremu za waifai ziko nyingi ila ukizichambua zinagawanyika kwenye jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi vizuri, nalo ni picha inakaa wapi. Kuna ambazo picha zinakaa kwenye seva, yaani kompyuta za kampuni, na fremu inazivuta kwa intaneti, Aura kwa mfano ni ya hivyo, kioo kizuri sana, dada alitaka kuituma kutoka Toronto, lakini inategemea waifai na haina hata sehemu ya memori kadi. Kwa nyumba yenye intaneti ya mwezi mzima isiyokatika hiyo sawa kabisa, nampongeza mwenye nayo. Kwa nyumba ya Mama ambapo bando likiisha limeisha mpaka mtu akumbuke, hapana. Kuna Skylight, hiyo unatuma picha kwa imeili, ni wazo zuri kwa wazazi wa huko, ila huku kwetu shangazi yupi anatuma picha kwa imeili? Na baadhi ya mambo yake wanataka ulipie kila mwaka. Mi sitaki kitu kinachodai ada kwa ajili ya kuonyesha picha za wanangu mwenyewe.

Nikaishia kwenye zile zinazotumia programu ya Frameo. Hiyo si fremu, ni programu ya Wadenmaki ambayo viwanda vingi vinaiweka kwenye fremu zao, ndo maana utakuta chapa ishirini tofauti boksini lakini ukiwasha ndani ni kitu kile kile. Anayetuma anaweka programu kwenye simu yake, anaingiza kodi, yaani namba ya kuunganishia inayotolewa na fremu, basi, akituma picha inaingia fremuni na inahifadhiwa humo humo kwenye memori ya ndani. Hapo ndo nilipopendea. Bando likiisha picha mpya haziji, lakini zilizopo zinaendelea kuzunguka kama kawaida, Mama hajui hata kama intaneti imekata. Ya GB 16 tu inabeba maelfu ya picha.

Nilipoenda dukani safari hii nilimkera muuzaji. Nikamwambia washa, ikawaka, picha zinapita, nikachomoa waya ukutani. Akasema we dada vipi? Nikachomeka tena, nikakunja mikono, nikasema usiiguse. Tukasubiri wote wawili. Ya kwanza ikaleta menyu, nikaikataa. Ya pili haikuwaka kabisa mpaka ubonyeze nyuma, nikaikataa. Ya tatu ikawaka yenyewe, ikafikiri fikiri, ikarudi kwenye picha. Nikalipa hapo hapo, Sh 180,000, na wala sikuuliza vitu vingine sana.

Ingawa kimoja nilikiangalia, na hiki ni kwa wenye wazazi wanaokaa chini. Mama yangu kutwa yuko mkekani, fremu iko juu ya kabati. Vioo vya bei rahisi ukivitazama kutoka chini sura zinakuwa nyeusi, watu wote wanakuwa kama wako gizani, ile ya kwanza ilikuwa hivyo na Mama akawa anadhani picha za Muscat zinapigwa usiku. Kwa hiyo uliza kama kioo ni IPS, aina inayoonekana vizuri hata ukiitazama kwa pembeni au kutoka chini, na usiamini mdomo, chuchumaa pale dukani uitazame kutoka chini. Watu watakushangaa, waache. Hayo mambo ya sijui inasoma 4K yasikubabaishe, nyingi za inchi 10.1 kioo chake ni nukta 1280 kwa 800 na kwa mtu aliyeko mkekani mita mbili inatosha sana.

Intaneti nilitatua kwa karuta kadogo ka laini ya simu, kale kanakorusha waifai, nikakaweka nyuma ya friji karibu na soketi. Hapa napo nilihangaika saa nzima fremu haioni mtandao, simu yangu inaona fremu haioni, kumbe fremu nyingi zinashika ile waifai ya masafa ya GHz 2.4 tu na karuta nilikaweka GHz 5. Nikabadilisha ikashika. Bando dogo linatosha, maana picha moja ya simu ni kama MB 3 hadi 5 hivi, mia moja hazizidi nusu GB, na kwenye hiyo waifai hakuna mwingine, paswedi nilikataa kumpa hata yule kijana wa jirani, samahani sana kijana wangu lakini ungeimaliza siku hiyo hiyo. Kuna sababu nyingine pia napenda fremu iwe peke yake kwenye mtandao, hivi vifaa visivyojulikana vimetoka wapi si vya kuamini hivi hivi tu, huko Marekani zamani, kama 2008, kuna fremu ziliuzwa dukani zikiwa na kirusi tayari ndani yake.

Mama swali lake lilikuwa moja tu, inakula Luku? Nikamwonyesha chaja, imeandikwa volti 5 na ampia 2, ni wati 10 zikizidi sana, iwake saa 15 kwa siku haifiki hata robo ya yuniti, mwezi mzima ni kama yuniti 4 na nusu. Akasema basi taa ya uani nitakuwa nazima mapema. Sikubishana.

Sasa vituko. Kodi ya fremu niliitupa kwenye grupu la familia bila kufikiri, kumbe grupu lina binamu wa kila aina, wiki ya kwanza fremu ikajaa maua yaliyoandikwa Asubuhi Njema na mabango ya Ijumaa Mubarak, Mama anauliza huyu ua ni mtoto wa nani. Nikaanza kuwatoa mmoja mmoja kimya kimya, wamebaki watu sita. Kwa hiyo ukipata hiyo kodi mtumie mtu kwa mtu, na uzuri haikai milele, inaisha muda wake unatoa nyingine.

Na picha za kupokea WhatsApp afu ndo mtu anazituma fremuni, hizo zinakuja zimefifia, bora aliyepiga ndo atume mwenyewe kutoka kwenye simu yake. Pia vichwa! Wote tunapiga simu ikiwa wima, fremu imelala, basi ikawa inakata, kaka yangu kwenye harusi anaonekana kuanzia kidevu. Nikaisimamisha fremu wima na yenyewe ikageuza, vichwa vikarudi, sasa zile za kulala ndo zinakuwa ndogo lakini hizo chache.

Kuna picha za Marehemu Baba, zile za studio za zamani zenye kingo za mikatomikato, nilizipiga kwa simu mchana karibu na dirisha bila flashi, nikaziingiza katikati ya za wajukuu bila kumwambia. Nikasubiri simu. Haikuja siku hiyo wala kesho yake. Siku ya tatu akapiga, salamu, habari za kazi, hali ya hewa, afu akasema, "Baba yako mbona anapita haraka hivyo, kama yuko kwenye daladala?" Nilikuwa nimeweka picha ibadilike kila sekunde 15. Weekend iliyofuata nikaenda nikaweka dakika mbili. Hilo hakuna boksi litakalokwambia, mtengenezaji anafikiri watu wanataka vitu vipite vipite.

Mahali pa kuiweka alichagua mwenyewe. Chumbani hapana, anasali humo na hataki sura za watu mbele yake, sebuleni juu ya tivii hapana, ikaenda juu ya kabati la vyombo upande wa mlangoni ili mgeni akiingia aanze nayo. Na kioo kikiingia vumbi anafuta na ncha ya khanga, hii ni ya kugusa kwa hiyo akifuta inafungua mambo yake, mara inauliza kama unataka kuficha picha. Nimemwambia Mama ukiona hivyo iache tu usibonyeze kitu, itarudi yenyewe. Inarudi. Ila bado ningekuwa nachagua upya ningetafuta isiyo ya kugusa, huo mguso aliyeutumia ni mi tu siku ya kuiseti.

Kitu nilichobishana nacho mwisho ni saa ya kulala. Fremu ina setingi ya kujizima usiku na kuwaka asubuhi, nikaweka saa nne usiku hadi kumi na mbili asubuhi, nikajiona mtaalamu. Mwezi uliopita nimefika Tanga usiku, saa tatu hivi, nakuta fremu imefunikwa na kile kitambaa chake cha kufuma, kile kile cha jamii ya vitambaa vya tivii na redio, mwanga unachungulia kwenye matundu. Nikauliza Mama mbona umeifunika na bado inawaka?

"Watoto wamelala," akasema, akanisogezea chakula.