Popo, Panya-Miiba na Mbegu za Jangwani

Kila msimu wa korosho, chini ya mwembe wetu hapa Newala huwa tunaokota korosho zisizo zetu, kwa kuwa mkorosho ulio karibu zaidi uko upande wa pili wa shamba la jirani. Wanaozileta ni popo. Usiku hulikwapua bibo pamoja na korosho yake, hulipeleka kwenye mwembe wenye kivuli kizito, hulifyonza maji yake, kisha huiacha korosho idondoke. Aliyewahi kubangua korosho kwa mkono anajua kwa nini popo haigusi: ganda lake lina mafuta makali yanayobabua midomo na kuchuna ngozi ya vidole. Mwaka huu mbili kati ya hizo ziliota, nami nikazitazama kwa makini kuliko kawaida, kwa sababu siku hizo nilikuwa nikisoma juu ya mimea ya jangwani.

Katika majangwa ya Negev na Sinai kuna kichaka kiitwacho Ochradenus baccatus, chenye matunda madogo meupe yaliyojaa maji. Nyama ya tunda lake ina kemikali isiyo na madhara makubwa ikiwa peke yake, na ndani ya mbegu kuna kimeng'enya, yaani kichocheo cha mabadiliko ya kemikali. Mbegu ikitafunwa, vitu hivyo viwili huchanganyika na kutoa ukali kama wa haradali. Ndege humeza tunda zima bila kuivunja mbegu, na kwa hiyo hawadhuriki. Panya, ambaye kwa kawaida ni mtafunaji na mharibifu wa mbegu, angepaswa kuwa adui wa kichaka hiki, lakini mwaka 2012 watafiti walieleza jinsi panya-miiba wa huko wanavyokula nyama ya tunda na kuzitema mbegu zikiwa nzima. Zaidi ya hayo, panya hao hupenda kubeba matunda hadi kwenye nyufa za miamba, ili wale wakiwa wamejificha, na hivyo mbegu huangukia mahali penye kivuli ambapo mche una nafasi ya kuliepuka jua kali. Mimi naona ni biashara ileile ya bibo na korosho: nyama ni malipo ya mchukuzi, na ukali ni kufuli la mzigo.

Mgunga una njia nyingine. Mbegu zake zina ganda gumu lisilopitisha maji kirahisi, na wadudu jamii ya fukusi huzitoboa na kuzila zingali ndani ya maganda ya tunda. Ngamia au swala akiyala maganda hayo, mbegu nyingi husagika, hilo tusilifiche. Lakini zinazosalimika hutoka na samadi zikiwa zimelainika kiasi cha kupokea maji ya mvua, na mara nyingine mdudu aliyekuwa ndani ameshakufa kabla hajamaliza kuila.

Wapo pia panya wa majangwa ya Marekani wanaojaza mbegu katika vifuko vya mashavu na kuzifukia mchangani kama akiba. Hapa hakuna nyama ya kulipia, mbegu yenyewe ndiyo chakula, na kinachouokoa mmea ni akiba kusahaulika au mwenye nayo kuliwa na bundi. Mvua ikinyesha, miche huchipuka ikiwa imesongamana kwenye shimo moja.

Ila anayenishangaza kuliko wote ni muhanga. Katika maeneo makavu ya kusini mwa Afrika kuna tango la porini ambalo matunda yake hukomaa chini ya ardhi. Muhanga hulinusa, hulifukua na kulila kwa ajili ya maji, kisha hufukia kinyesi chake, na mbegu hupata shimo, mbolea na mpanzi kwa safari moja. Sijui jina jingine la kumpa mnyama huyo isipokuwa mkulima.

Juzi nilimwonyesha mama ile miche miwili ya korosho. Aliitazama, akatazama matawi ya mwembe juu yake, akasema niing'oe, kwa kuwa mkorosho haustawi kivulini na popo hakulijua hilo. Nilimwambia kwamba jangwani mche ungeshukuru kupata kivuli kama kile. Akanijibu kwamba hapa ni Newala, akanipa jembe.