Mimba ilipotoka, nikaambiwa nina uvimbe

Mimba yangu ya kwanza ilitoka ikiwa na wiki 9. Siku yenyewe sitaisimulia. Aliyepitia anajua, na ambaye hajapitia sina haja ya kumpitisha. Ninachotaka kueleza ni miezi iliyofuata, maana huko ndiko nilikohangaika zaidi.

Wiki mbili baadaye nilirudi kupiga ultrasaundi ili tuone kama kuna mabaki. Kizazi kilikuwa safi. Nilikuwa nimeshaanza kujifuta jeli tumboni daktari aliponiambia nilale tena. Akakisogeza kile kifaa upande wa kushoto, akakituliza hapo. Kwenye skrini palikuwa na duara jeusi tii katikati ya ukungu wa kijivu. Akaweka alama ndogo ya msalaba ukingo huu na nyingine ukingo wa pili, akasoma: sentimita 5.4. "Una uvimbe kwenye kifuko cha mayai," akasema, kisha akaeleza mambo mengine ambayo sikuyasikia.

Mpaka leo nina ugomvi na hilo neno. Uvimbe kwetu ni kila kitu, kuanzia jipu mpaka saratani. Jirani yangu alikuwa na uvimbe, akaishia kutolewa kizazi. Basi nilitoka mle ndani nimeshajihukumu. Ilinichukua siku nyingi kuelewa kwamba jirani alikuwa na fibroidi, yaani nyama zinazoota kwenye misuli ya mfuko wa uzazi, wakati mimi nilikuwa na sisti, kifuko chembamba chenye maji kwenye ovari, yaani kwenye hicho kifuko cha mayai. Tunavipa jina moja, lakini ni vitu viwili tofauti kabisa.

Usiku nilikuwa nalala na simu. Kila nilipotafuta habari nilikutana na mtu anayeuza dawa ya kuyeyusha uvimbe na kufungua kizazi. Mmoja nilibaki kidogo nimtumie pesa. Kichwani nilikuwa nimeshaunga mnyororo: sisti ndiyo iliyoua mimba, sisti itaziba mirija, sitazaa, mume ataondoka. Kila pete ya mnyororo huo niliitengeneza mwenyewe, saa nane za usiku.

Wiki ya tatu nilifanya ujinga ambao nadhani si mimi peke yangu niliyeufanya. Nilipima ujauzito. Ukatokea mstari wa pili, hafifu kama umechorwa kwa penseli. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nimekishika kile kipimo mpaka mkono ukafa ganzi. Yalikuwa masalia ya homoni ya mimba iliyotoka. Huweza kubaki mwilini wiki kadhaa. Hakuna aliyekuwa ameniambia.

Baada ya hapo mume wangu akasema, "Mke wangu, turudi, ila safari hii maswali tuyaandike." Nikachukua daftari, nikaligawa sehemu tatu: mimba iliyotoka, sisti, na kuzaa. Kama kuna kitu kilichonisaidia kweli, ni ule mgawo. Mpaka siku hiyo nilikuwa nabeba hofu moja kubwa isiyo na jina. Kwenye karatasi zikawa tatu, na kila moja ina majibu yake.

Kuhusu mimba, daktari alisema nyingi zinazotoka mapema hivyo hutokana na hitilafu ya kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba vinasaba, jambo linalotokea mwanzo kabisa yai linaporutubishwa. Zile ndoo za maji nilizobeba, ambazo nilikuwa najilaumu nazo, hazikuhusika.

Jibu la sisti ndilo lililonishangaza. Yai likishatoka kwenye ovari, pale lilipotoka hubaki kama tezi ndogo inayotengeneza progesteroni, homoni inayoishikilia mimba mpaka kondo la nyuma lichukue kazi hiyo. Wakati mwingine tezi hiyo hujaa maji. Kwa jinsi yangu ilivyoonekana, huenda ilikuwa hiyo. Nililia pale pale. Kitu nilichokuwa nakiita muuaji, yawezekana ndicho kilichokuwa kikiilea ile mimba.

Nilitaka anikate, akitoe kiishe. Akakataa. Sisti za namna hiyo nyingi hunywea zenyewe ndani ya miezi miwili mitatu, na kupasua ovari bila sababu kunaweza kupunguza akiba ya mayai. Zipo nyingine, kama zile za endometriosisi (ugonjwa wa tishu kama za utando wa kizazi kuota nje ya kizazi) au zenye nywele na mafuta ndani, ambazo haziondoki hivyo na zina utaratibu wake. Akanionya jambo moja tu la dharura: maumivu makali ya ghafla upande mmoja, hasa yakija na kutapika. Hapo ovari inaweza kuwa imejinyonga, na hakuna kusubiri asubuhi. Nililiandika kwa herufi kubwa, nikalibandika ndani ya mlango wa kabati.

Kuhusu kuzaa alikuwa mkavu. "Mama, una miaka 31. Wanandoa tunawapa mwaka mzima wa kujaribu kabla hatujaanza kuwachunguza. Ninyi hamjaanza hata kujaribu tena." Akaniandikia vitamini ya foliki asidi, mikrogramu 400 kwa siku.

Kusubiri ndiko kulikobaki, na sitadanganya kwamba nilisubiri kwa utulivu. Wifi yangu alipiga simu kila Jumapili: "Wifi, ule uvimbe wameshautoa?" Mwishowe mume wangu akawa ndiye anayepokea simu za Jumapili. Mimi nilijiwekea sheria ya kutotafuta chochote mtandaoni baada ya chakula cha usiku. Niliivunja mara nyingi mwezi wa kwanza, mara mbili mwezi wa pili. Hedhi ilirudi wiki ya tano, nzito, na siku hiyo sikuamka kitandani.

Wiki ya 10 tukarudi. Jeli ileile ya baridi. Upande wa kushoto hapakuwa na kitu. Akahamia kulia, na mimi nikaliona kabla yake: duara jeusi. Nilimshika mume wangu mkono kwa nguvu.

"Tulia," daktari akasema huku akiweka misalaba yake. "Hii ni folikali, milimita 19. Ndani yake kuna yai, litatoka leo au kesho."

Mume wangu akakohoa kidogo, akauliza kama bado kuna kipimo kingine, au tunaweza kuwahi nyumbani.