Msimu Tuliomkopea Kabula Ada

Matokeo ya Darasa la Saba ya mwaka 2012 yalipotoka, kijiji chetu katika wilaya ya Urambo, mkoani Tabora, kilipata habari ambayo hakikuwahi kuipata: binti mmoja amechaguliwa kwenda Msalato. Mimi ndiye niliyemfundisha Hisabati, kwa hiyo mwalimu mkuu alinipa barua niipeleke kwao. Nitamwita Kabula, ingawa jina lake ni jingine.

Msalato ni sekondari ya wasichana iliyo nje kidogo ya mji wa Dodoma, mojawapo ya shule za serikali za vipaji maalumu, pamoja na Ilboru, Mzumbe, Kibaha, Kilakala na zile mbili za Tabora, ya wavulana na ya wasichana. Huko huchaguliwa wenye alama za juu kabisa. Kwa mzazi asiye na uwezo wa kulipia shule binafsi, mlango wa mtoto mwenye akili nyingi ni huo. Hakuna anayepita vijijini kupima vipaji. Kuna mtihani mmoja tu, na ukifaulu sana, kuna barua.

Kabla ya hapo Kabula alikuwa na sifa ya utundu. Darasani walikuwa zaidi ya themanini, watatu watatu kwenye dawati, na mwalimu mwenye darasa la namna ile hufundisha walio wengi. Kabula alimaliza maswali wakati wenzake wanapiga mistari ya pambizo, kisha akaanza kuongea, kuchora, kumfanyia jirani kazi yake. Mwalimu mmoja alikuwa ameshamhamishia nyuma peke yake, na katika kitabu cha maendeleo akamwandikia kwamba hana utulivu. Nilipomkuta Darasa la Sita nilimpa kitabu cha Hisabati cha Kidato cha Kwanza nilichoazima kwa rafiki yangu anayefundisha sekondari. Kelele ziliisha wiki hiyohiyo. Nilipokwenda Tabora mjini kufuata mshahara nilipita maktaba ya mkoa nikamwazimia vitabu kwa jina langu, kwa sababu kijijini kwetu kitabu kisicho cha kiada hukioni. Zaidi ya hapo sikuwa na cha kumpa. Chuoni tulifundishwa namna ya kumsaidia mtoto anayechelewa kuelewa, na ni jambo jema, lakini juu ya yule anayewahi kuelewa sikumbuki kufundishwa lolote.

Uwezo wake hasa niliuona sokoni, siku ya mauzo ya tumbaku. Wakati ule kwetu tumbaku iliuzwa kwa dola, kisha mkulima akalipwa kwa shilingi, na mwaka ule dola moja ilikuwa inakaribia shilingi 1,600. Marobota yanapangwa ghalani, mteuzi anapita akitaja daraja, robota linapimwa, na mwisho mkulima anapewa karatasi yenye safu za namba. Wengi huikunja wakaitia mfukoni. Nilimkuta Kabula amekaa juu ya gunia tupu, wazee wamempanga foleni, kila mmoja na karatasi yake. Nilisimama nyuma yake. Robota la kilo 87, bei dola 1.62. Hakuandika kitu. Alisema, "Zingekuwa kilo 100 ungepata 162. Toa kilo 13, ambazo ni 21 na senti sita. Yako ni dola 140 na senti 94, babu. Wameandika sawa." Mzee akashukuru, akapisha mwenzake. Hakuna aliyemfundisha njia ile. Mimi nilikuwa nimewafundisha kupanga namba wima na kuzidisha moja moja.

Basi nikapeleka barua. Baba yake alikuwa shambani anachuma majani ya kwanza, nikamngoja mpaka akarudi. Nikamsomea, kisha nikamsomea na fomu ya kujiunga: ada shilingi 70,000 kwa mwaka, michango midogomidogo, godoro, shuka jozi mbili, chandarua, tranka, ndoo, jembe, fagio, rimu ya karatasi, sare, viatu vyeusi, fomu ya daktari. Tukijumlisha na nauli ya treni tulikuwa tunaikaribia laki tatu. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza jambo ambalo nalikumbuka kwa sababu lilikuwa la haki.

"Mwalimu, shule ya kata si hii hapa? Ada 20,000, na jioni anarudi nyumbani. Kwa nini nimpeleke Dodoma?"

Nilimwambia ukweli. Shule yetu ya kata haikuwa na mwalimu wa Hisabati wala wa Fizikia, na Kabula alikuwa ameshafika mahali ambapo hata mimi nilikuwa nasoma usiku ili asubuhi nimtangulie hatua moja. Nilimwambia pia kwamba nafasi ile isipochukuliwa itapewa mwingine. Alisikiliza, akasema haikatai shule, ila fedha hana, na kweli hakuwa nazo. Fedha ya tumbaku huja katikati ya mwaka masoko yakifunguliwa. Januari mkulima ana deni la mbolea, ana vibarua wa kulisha, ana bani la kukaushia linalodai kuni. Kidato cha Kwanza hufunguliwa Januari. Najua watoto waliokosa shule kwa sababu hiyo tu ya tarehe, na wazazi wao miezi sita baadaye walikuwa na fedha mkononi.

Nilianza kuzunguka. Ofisi niliyoitegemea zaidi ilinijibu kwamba maombi ya msaada yalishafungwa, nirudi mwaka ujao. Mfadhili mmoja niliyeelekezwa kwake alikuwa anasaidia yatima, na Kabula alikuwa na wazazi wote wawili. Mwanamke mmoja anayeuza chakula karibu na stesheni ndiye aliyenisikiliza mpaka mwisho. Kina mama wa kwaya yao walikuwa na mfuko wa kufa na kuzikana, na alisema haoni kwa nini mfuko uwe wa kuzikana tu. Wakatoa godoro, ndoo na chandarua. Mganga wa zahanati akajaza fomu ya afya bila kudai chochote. Ikabaki fedha taslimu.

Wazo la chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima wa tumbaku kijijini, alinipa mwalimu mkuu wangu. Alisema, "Hawa wanakopeshana mbolea kila msimu na deni linakatwa sokoni. Kawaulize kama wanaweza kukopesha na ada." Nikaomba nafasi kwenye mkutano wa wanachama. Tulikutana ghalani, mvua inapiga bati mpaka wasemaji wanapaza sauti, baba yake Kabula amekaa mstari wa nyuma akiangalia chini. Nilieleza. Karani wa chama akasema, kwa adabu, kwamba mkopo wa chama ni wa pembejeo, na katika kitabu chake hakuna safu ya shule. Wengine wakasema tukimfungulia mmoja tutawafungulia wote, chama kitakufa. Hoja hiyo nayo haikuwa ya kupuuza.

Ndipo akasimama mzee mmoja ambaye sikuwahi kumsikia akizungumza mkutanoni. Akaanza kwa kuuliza ni nani pale aliyesomewa karatasi yake ya mauzo na Kabula msimu uliopita. Mikono ikapanda, mingi. Akauliza ni nani alimlipa. Watu wakaguna, wakacheka kidogo. Akamgeukia karani: "Mwanangu, mbolea unaiandika kwa sababu bila mbolea hatuvuni. Huyu mtoto akibaki hapa atatusomea karatasi mpaka aolewe, halafu basi. Andika pembejeo. Kama safu haipo, chora safu."

Mwenyekiti hakupitisha papo hapo. Alitaka baba yake aseme mwenyewe kama anakubali kukatwa, maana deni ni la mwenye shamba, si la mwalimu. Naona alifanya vizuri. Baba Kabula akasimama, akasema nakubali, marobota yangu mawili ya kwanza yakatwe, na mama yake akiwa hapa ni shahidi. Karani akachukua rula akachora safu. Nilikuwa karibu naye, nikaona alivyoandika juu yake: Elimu. Mwenyekiti akaongeza sharti kwamba utaratibu huo uwe wa mtoto aliyechaguliwa shule ya bweni na mwenye barua mkononi, kila mwaka wasizidi wawili, ili chama kisielemewe. Mpaka leo nafikiri sharti lile ndilo lililoufanya utaratibu udumu.

Nasema wazi kwamba utaratibu huo haukumaliza tatizo. Walikuwepo darasani wawili au watatu wenye uwezo unaokaribia ule ambao hawakuwa na alama za Msalato siku ile, na kwao safu ya karani haikuwa na maana yoyote. Mmoja wao alikuwa mkali wa michoro na mitambo, angeweza kukufungulia redio na kuifunga, lakini kwenye Kiingereza alianguka. Shule ya vipaji maalumu haikumwona, na mimi sikujua mlango mwingine wa kumpigia hodi. Ada ya Kidato cha Kwanza hadi cha Nne katika sekondari za serikali iliondolewa mwaka 2016, na nilifurahi sana, lakini godoro, nauli na mwalimu wa Hisabati vilibaki vinatafutwa kama zamani.

Kabula alipanda treni ya daraja la tatu na mama yake, tranka lake limefungwa kamba ya katani. Barua yake ya kwanza ilikuja baada ya mitihani ya katikati ya muhula. Aliandika kwamba katika darasa lao ameshika nafasi ya ishirini na kitu, kwamba kuna wasichana wanamaliza maswali kabla yake, na mmoja kutoka Kagera anajua njia ya kugawanya ambayo yeye hakuwahi kuiona na wanafundishana baada ya kula.

Baba yake aliniletea barua ile akiwa na wasiwasi. "Hapa alikuwa wa kwanza miaka saba, Mwalimu. Huko wamemfanya nini?"

Nilimwambia hajawahi kupata habari nzuri kuliko hiyo. Tangu aanze shule mtoto wake alikuwa akisoma peke yake katikati ya watoto themanini, sasa amepata wenzake. Nilimsomea tena ule mstari wa msichana wa Kagera, polepole. Aliichukua barua, akaikunja vizuri, akaniuliza ada ya mwaka unaofuata inatakiwa ilipwe lini, ili aende kwa karani mapema kabla wengine hawajawahi nafasi.