Daftari la aljebra: andika sababu kando ya kila mstari

Madaftari mengi ya hesabu ya Gredi ya 7 na ya 8 hapa Lamu yanafanana. Swali limenakiliwa kutoka ubaoni, chini yake mistari mitatu minne ya kazi, jibu limepigiwa mstari, kisha tiki. Shida huanza wiki tatu baadaye, mtoto anapolifungua kujiandaa na mtihani. Anaona 2x ilikuwapo mstari wa juu na mstari wa chini haipo, wala hajui imekwenda wapi. Mwandiko ni wake, lakini alichokuwa akikifikiria siku ile hakikuandikwa. Majibu hayana haja ya kuhifadhiwa, maana swali halitarudi na namba zile zile. Kinachofaa kuhifadhiwa ni sababu ya kila hatua, na daftari lipangwe kwa ajili hiyo tangu ukurasa wa kwanza.

Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21. Piga mstari wa wima kwa rula na penseli, sentimita 13 kutoka ukingo wa kushoto. Upande mpana ni wa kazi, upande mwembamba ni wa sababu. Kila mstari uwe na hatua moja tu na sababu moja tu. Alama za sawasawa zipange wima, moja chini ya nyingine, jicho lione upande wa kushoto na wa kulia bila kuhangaika. Hivi:

3(x − 4) = 2x + 5
3x − 12 = 2x + 5 | nimefungua mabano: 3 imezidisha x, na 3 imezidisha −4
x − 12 = 5 | nimetoa 2x pande zote mbili
x = 17 | nimejumlisha 12 pande zote mbili

Hakiki. Kushoto: 3 × (17 − 4) = 3 × 13 = 39. Kulia: 2 × 17 + 5 = 39.

Hakiki ifanywe kwa mlinganyo wa kwanza kabisa, ule wa swali. Ukiifanya kwa mstari wa pili, na kosa lilikuwa katika kufungua mabano, kila kitu kitakubaliana na jibu litabaki baya.

Maneno "pande zote mbili" yana uzito kuliko yanavyoonekana. Wengi wamefundishwa kwamba namba ikivuka ng'ambo ya sawasawa hugeuza alama. Kanuni hiyo inafaa kwa kujumlisha na kutoa, ndiyo maana watoto huiamini, kisha inawaangusha wakifika kwenye 3x = 12. Mmoja atavusha 3 apate x = 12 − 3 = 9. Mwingine ataigawanya 12 kwa −3 apate −4, kwa kuwa aliambiwa alama hugeuka. Kanuni ya kuvusha haimwambii mtoto kwamba hapa 3 imeizidisha x, kwa hiyo cha kuitengua ni kugawanya. Anayelazimika kuandika "nimegawanya kwa 3 pande zote mbili" ameshajiuliza swali hilo kabla kalamu haijagusa karatasi. Kwa maoni yangu "nimevusha" na "nimehamisha" yasionekane kabisa katika safu ya sababu, angalau mwaka mzima wa kwanza.

Alama ya sawasawa yenyewe inataka ulinzi. Iliandikwa mara ya kwanza katika kitabu cha Robert Recorde, mtu wa Wales, mwaka 1557. Alichagua vijistari viwili sambamba vya urefu mmoja kwa hoja kwamba hakuna vitu viwili vinavyoweza kulingana zaidi ya hivyo. Mtoto aliyetoka shule ya msingi huisoma alama hiyo kama "jibu ni", naye huandika 8 + 4 = 12 × 3 = 36. Jibu la mwisho ni sahihi, lakini alichoandika kinadai kwamba 8 + 4 ni 36. Katika hesabu za kawaida kosa hili hupita bila kuadhibiwa. Katika aljebra linaharibu kila kitu, kwa sababu mlinganyo mzima unasimama juu ya kauli kwamba pande mbili ni sawa. Dawa yake: hesabu mpya, mstari mpya.

Mwandiko nao una makosa yake. Herufi x iandikwe kwa mikunjo miwili inayogusana mgongo kwa mgongo, isifanane na alama ya kuzidisha, na katika aljebra acha kabisa kuandika 3 × x, andika 3x. Herufi b hugeuka 6, s hugeuka 5, z hugeuka 2. Mwalimu akikupa swali lenye herufi hizo unaweza kubadilisha herufi, mradi uandike juu ya ukurasa kwamba umebadilisha.

Sasa mafumbo ya maneno, mahali ambapo daftari zuri huonekana faida yake. Tuseme embe 4 na nazi 2 zimegharimu shilingi 200, na nazi moja ni ghali kuliko embe moja kwa shilingi 10. Mtoto huandika "m = maembe, n = nazi" na hapo ameshapotea, kwa kuwa 4m sasa anaisoma "maembe manne", hesabu ya matunda badala ya hesabu ya pesa. Mstari wa kwanza wa kila fumbo useme herufi ni namba ya nini, na kwa kipimo gani:

m ni bei ya embe moja, kwa shilingi
m + 10 ni bei ya nazi moja, kwa shilingi
4m + 2(m + 10) = 200
4m + 2m + 20 = 200
6m = 180
m = 30

Embe shilingi 30, nazi shilingi 40. Hakiki kwa maneno ya swali: 120 na 80 ni 200, na nazi imezidi embe kwa 10. Katika mafumbo hakiki haifanywi kwa mlinganyo, kwa sababu huenda mlinganyo ndio uliokosewa.

Mpangilio wa maneno huleta makosa pia. "Namba fulani ikipunguzwa 5" ni x − 5, na "5 ikipunguzwa namba fulani" ni 5 − x. Mtihani huandikwa kwa Kiingereza, na Kiingereza kina misemo inayotaja 5 kwanza ilhali inaondolewa mwishoni, kama "5 less than x", yaani x − 5. Tenga kurasa mbili za mwanzo wa daftari kwa misemo hiyo: msemo wa mtihani kama ulivyo, maana yake kwa Kiswahili chako cha nyumbani, kisha alama zake. Usiandike maana tu bila mfano wa namba.

Kwa mabano yenye alama ya kutoa mbele yake, daftari liwe na ukurasa mzima. 10 − 2(x − 3) ni 10 − 2x + 6, yaani 16 − 2x. Wengi huandika 10 − 2x − 6 na kuishia 4 − 2x, kwa kuwa x waliizidisha kwa −2 lakini ile −3 wakaizidisha kwa 2. Kuna kipimo cha haraka ambacho mwanafunzi anaweza kukitumia bila mwalimu: weka namba mahali pa x. Ukiweka 5, usemi wa mwanzo ni 10 − 2 × 2 = 6. Ukiweka 5 katika 16 − 2x unapata 6. Ukiweka katika 4 − 2x unapata −6, basi hiyo imeanguka. Usipime kwa 0, 1 wala 2, kwa sababu namba hizo huficha makosa: x² na 2x ni sawa kwa 0 na kwa 2, na x² na x ni sawa kwa 0 na kwa 1. Namba 5 au 7 inatosha, na ukiwa na shaka pima tena kwa namba hasi. Hapo kuwa mwangalifu na mabano: (−3)² ni 9, lakini −3² ni −9.

Kuhusu mpangilio wa matendo nitasema machache. Kifupisho cha BODMAS kinachotumika Kenya, na MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) cha ndugu zetu wa Tanzania, vyote viwili hupotosha vikisomwa herufi kwa herufi. Kuzidisha na kugawanya ni daraja moja, unakwenda kutoka kushoto: 24 ÷ 4 × 2 ni 12. Kujumlisha na kutoa ni hivyo hivyo: 10 − 3 + 2 ni 9, wala si 5. Andika mifano hiyo miwili kando ya kifupisho chako.

Sehemu katika mlinganyo, kwa mfano x/3 + x/4 = 14, huondolewa kwa kuzidisha kila kipande kwa 12. Unapata 4x + 3x = 168, kisha x = 24, na hakiki ni 8 + 6 = 14. Kosa la kila siku ni kuizidisha kushoto tu na kuiacha 14 vile vile, ikatoka x = 2. Safu ya sababu hulikamata: ukiandika "nimezidisha kwa 12 pande zote mbili" utaiona 14 imesimama pale bila kuguswa.

Namba hasi, kwetu sisi wa pwani, zina mfano ulio tayari mkononi. Saa ya simu ikiwa s katika mfumo wa saa 24, saa ya Kiswahili ni s − 6. Saa 14:00 ni 8, saa nane mchana. Saa 21:00 inatoa 15. Ikizidi 12 toa 12, ni saa tatu usiku. Saa 3:00 inatoa −3, na −3 haiandikwi kwenye saa yoyote, lakini ukiongeza 12 unapata 9, saa tisa usiku. Chora mstari wa namba kutoka −6 hadi 18 na uzionyeshe hatua hizo kwa mishale. Mtoto akishaona −3 imemfikisha mahali pa kweli, hataiogopa tena katika mlinganyo.

Mfano mwingine unaokaa vizuri katika daftari la Lamu ni mirathi ya Kiislamu. Al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad karne ya 9, alitenga sehemu kubwa ya kitabu chake cha aljebra kwa masuala ya wasia na mirathi, na aliandika kila hatua kwa maneno matupu, bila x wala alama ya sawasawa. Kitabu chake chote ni safu ya sababu. Chukua mtu aliyeacha mke, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili, wazazi wake walishatangulia, na baada ya madeni na mazishi zimebaki shilingi 320,000. Mke, kwa kuwa kuna watoto, hupata 1/8, yaani 40,000. Mtoto wa kiume hupata mara mbili ya binti. Tuseme b ni fungu la binti mmoja kwa shilingi:

40,000 + 2b + b + b = 320,000
4b = 280,000 | nimetoa 40,000 pande zote mbili
b = 70,000 | nimegawanya kwa 4 pande zote mbili

Mtoto wa kiume 140,000, kila binti 70,000. Makosa mawili hurudi hapa: kugawanya 280,000 kwa 3 kwa sababu watoto ni watatu, na kusahau kwamba b ni fungu la binti mmoja, si la mabinti wote.

Makosa yana mahali pake: geuza daftari uanze nyuma kuja mbele. Usifute kwa raba. Kata kwa mstari mmoja ili kilichoandikwa kisomeke. Kwa kila kosa andika swali, ulichoandika, kwa nini ulidhani ni sawa, na kilicho sahihi. Hapo "kwa nini" ndiyo ya thamani. "Sikuwa makini" haisaidii mtu. "Nilidhani −2 inazidisha x peke yake" inasaidia. Chini yake jitungie swali la aina ile ile, ulifanye siku nyingine.

Kurudia kusiwe kusoma. Kusoma kazi iliyokamilika hukufanya uhisi unaijua. Funika safu ya kazi kwa karatasi, acha swali tu, ulifanye upya pembeni, kisha linganisha. Rudia kesho yake, baada ya wiki, na baada ya mwezi. Lililokushinda liwekee nukta kando. Lenye nukta mbili mpelekee mwalimu pamoja na safu yako ya sababu, ataona kosa lilipoanzia.

Hewa yetu ina chumvi na unyevu. Tumia biro ya kawaida, kwa sababu wino wake ni wa mafuta na haukimbii upesi ukiguswa na maji au jasho la mkono. Wino wa jeli hutapakaa. Chagua daftari lililoshonwa kwa uzi, maana pini hupata kutu na karatasi za katikati huchomoka. Anayevuka kwa mashua kutoka Mokowe alitie ndani ya mfuko usiopitisha maji, uliofungwa. Daftari likijaa, nakili katika jipya kurasa mbili za misemo na yale makosa tu ambayo bado yana nukta, halafu juu ya jalada la lile la zamani andika mada zilizomo na namba za kurasa.