Nilivyotambua umri na kipimo cha bastola ya babu

Bastola ya silinda aliyotuachia babu ina maneno "British Bull Dog" juu ya mtutu, na kila aliyeyasoma alikata shauri kwamba ni ya Uingereza. Mimi sikuridhika. Jina hilo lilianza na mtengenezaji silaha Webley wa Birmingham, Uingereza, mwaka 1872, kwa bastola fupi ya mfukoni iliyopendwa mno hata mafundi wa nchi nyingine wakaiiga, jina na umbo. Kwa silaha za aina hii, naamini mihuri midogo kuliko maandishi makubwa.

Kwanza nilihakikisha kila chemba ya silinda ni tupu, kisha nikachomoa ule ufito wa katikati na kuitoa silinda yenyewe. Hapo hakuna mjadala: silaha ya kale huweza kukaa na risasi ndani miaka na miaka bila mtu kujua. Uchafu niliufuta kwa kitambaa laini chenye mafuta mepesi. Msasa na brashi ya chuma kaa navyo mbali kabisa, kwani muhuri uliofutika haurudi.

Nikachukua lenzi, nikamulika silinda kwa tochi niliyoilaza upande ili mikwaruzo na mihuri ipate vivuli. Polepole likajitokeza umbo la yai lenye herufi ELG na nyota chini yake. Huo ni muhuri wa kituo cha Liège, Ubelgiji, ambako silaha ilijaribiwa kwa baruti nyingi kupita kawaida kabla ya kuruhusiwa kuuzwa. Kilichonisisimua zaidi ni kilichokosekana: taji. Kuanzia 1893 yai lile liliwekewa taji juu. Pembeni kulikuwa na alama ya mkaguzi, nyota juu ya herufi moja, na nyota hiyo ilichukua nafasi ya taji la wakaguzi mwaka 1877. Basi bastola ilipita Liège kati ya 1877 na 1893. Mtutu wake una mifuo ya ond, yaani mifereji inayozunguka ndani yake, lakini hauna ile R yenye taji iliyoanza kugongwa mwaka 1894 kwenye mitutu ya namna hiyo, nayo inaafiki. Namba ndogo za kuunganishia zilizo kwenye silinda na kwenye fremu zinalingana, kwa hiyo silinda haikutoka kwenye bastola nyingine.

Kipimo, yaani aina ya risasi inayoingia humo, ndicho kilichonipa kazi. Hakuna tarakimu iliyoandikwa popote. Kusukuma kipande laini cha madini ya risasi ndani ya mtutu hakukutosha, maana mifuo ni mitano: mkabala wa mfuo kuna tuta, na kalipa, kifaa cha kupimia unene, haipati kipenyo kamili cha mfuo kwa mfuo. Fundi wa silaha mwenye leseni akanisaidia kumimina Cerrosafe ndani ya chemba ili tupate umbo lake. Ni aloi, mchanganyiko wa metali, inayoyeyuka chini ya nyuzi 90 za Selsiasi. Ikipoa husinyaa kidogo, kisha hutanuka, na baada ya kama saa moja huwa sawa na chemba yenyewe. Ukiipima mapema unajidanganya.

Kalipa ilisoma milimita 8.2 na ushei, na kipande kile kilichomiminwa kilikuwa kimenyooka mwanzo hadi mwisho, bila ngazi. Ganda la .32 S&W (risasi ya Smith na Wesson, kampuni ya Marekani) lina unene wa karibu milimita 8.6 kwenye kitako, kwa hiyo halingii humo. Chemba iliyonyooka hivyo inafaa risasi ya mtindo wa kale, ambayo unene wake unakaribiana na wa ganda lake, sehemu ya nyuma tu ikiwa imepunguzwa ili iingie gandani. Kwa vipimo hivyo ni .320, risasi ya bastola nyingi ndogo za Ulaya za enzi hizo.

Ndugu zangu waliuliza kama inaweza kufyatuliwa. Nilikataa. Chuma chake kilijaribiwa kwa baruti nyeusi. Baruti isiyo na moshi, yenye nguvu zaidi, ilianza kupatikana baada ya ugunduzi wa Paul Vieille wa Ufaransa mwaka 1884, na silaha iliyojaribiwa kwa baruti hiyo huko Liège ilikuja kugongwa simba na herufi PV. Hii haina simba.